Uliza Bi Masjala: Barua iliyoandikwa kwa amri

Toleo lililopita nilimtaja kwa mstari mmoja Thomas Osborne, kabaila wa Yorkshire aliyeshika hazina ya Uingereza kisha akafungwa kwa sababu ya barua. Mstari mmoja tu, na simu yangu haijapumzika tangu hapo. Basi mwezi huu wa dawa ya kutoa kutu kwenye pasi na wa majina ya watoto pacha mnisamehe, zamu yenu mwezi ujao. Leo ni Osborne peke yake.

Shikamoo Bi Masjala. Kila Jumamosi napanda treni ya Lincoln kutoka Sheffield kwenda kufanya usafi Worksop, na tunapita kituo kinaitwa Kiveton Park. Mwenzangu kazini anasema hapo ndipo kwao huyo Osborne uliyemtaja, aliyekuja kuwa Duke wa Leeds. Mbona sioni jumba? (Mpanda treni, Sheffield)

Marahaba mwanangu. Huoni kwa sababu walilibomoa mwanzoni mwa karne ya 19. Baadaye pale Kiveton pakachimbwa makaa ya mawe, na mgodi nao ukafungwa mwaka 1994. Lakini mwenzako hajakudanganya. Thomas alizaliwa kwa watu wa Kiveton mwaka 1632.

Utajiri wa kwao haukutoka shambani, ulitoka dukani. Baba wa babu yake, Edward Osborne, alikuwa kijana anayejifunza biashara kwa mfanyabiashara wa nguo aitwaye William Hewett, London. Ukoo wenyewe unasimulia kuwa Hewett alikuwa akikaa kwenye nyumba iliyojengwa juu ya Daraja la London, yaya akamwangusha mtoto wake wa kike mtoni, na kijana Edward akajitupa akamwokoa. Mtoto alipokua, wachumba wakaja na vyeo vyao, baba akawajibu kuwa Osborne ndiye aliyemwokoa, na Osborne ndiye atakayempata. Habari ya kuruka mtoni muichukue kama hadithi za ukoo zinavyochukuliwa. Ndoa ni ya kweli, urithi ni wa kweli, na Edward alikuwa Meya wa London mwaka 1583.

Thomas mwenyewe nusura asiwe na hadithi ya kusimulia. Baba yake alikuwa makamu wa mkuu wa Baraza la Kaskazini, chombo ambacho mfalme alikitumia kutawala mikoa ile, na familia ilikuwa inakaa York kwenye jengo la serikali. Mwaka 1638 upepo mkali uliangusha mabomba ya moshi, yakapenya paa hadi chumbani. Kaka yake wa baba mmoja, mrithi wa kila kitu, akafa papo hapo. Thomas, mtoto wa miaka 6, inasemekana alikuwa uvunguni mwa meza akimtafuta paka. Meza ikamkinga. Hivyo ndivyo mtoto wa pili alivyoupata urithi wa Kiveton.

Umemwita kabaila. Mimi nimesoma mahali wanamwita bwana wa shamba. Ni kama bwana shamba wetu? (Msomaji, Kilosa)

La, ndugu yangu. Bwana shamba wetu anakuja na pikipiki kukuambia mahindi yako yana viwavi. Yule wa Uingereza shamba lilikuwa lake, wakulima wapangaji wake, na jembe hakulishika. Kazi yake ilikuwa kupokea kodi, kuwinda, na kukaa kiti cha hakimu wa wilaya bila mshahara. Watu wa pwani wangemwita mwinyi, na wasingekosea sana.

Na huyu alikuwa mwinyi wa upande wa mfalme. Vita kati ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge vilianza mwaka 1642. Baba yake Thomas alisimama na mfalme, upande ulioshindwa, akafa mwaka 1647 na kumwachia kijana wa miaka 15 jina, mashamba na madeni. Januari 1649 mfalme akakatwa kichwa. Wenye mashamba waliompigania walilazimika kulipa faini ili wayakomboe yao wenyewe. Unalipa ili uruhusiwe kumiliki ulichorithi! Ndiyo miaka aliyokulia Thomas: anahesabu kodi, anafuga farasi, anafunga mdomo, anangoja. Mwaka 1660 mwana wa mfalme, Charles wa Pili, akarudishwa kwenye kiti, na mwaka uliofuata Thomas akawa Sherifu Mkuu wa Yorkshire. Sherifu wa siku hizo hakuwa na nyota kifuani. Alipokea majaji kwa karamu, akaandaa baraza la kutoa hukumu, na gharama zote mfukoni mwake.

Bi Masjala, wewe unatupa vita na kodi tu. Hakupenda? (Dada wa Arusha)

Alipenda, dada, na akakataliwa. Akiwa kijana alimposa binamu yake Dorothy Osborne. Dorothy alikuwa ameshatoa moyo kwa kijana mwingine, William Temple, ambaye ndugu zake hawakumtaka, na barua alizomwandikia Temple kwa siri zinasomwa hadi leo. Thomas akaenda zake, mwaka 1653 akamwoa Lady Bridget Bertie, binti wa Earl wa Lindsey. Bibi huyo alikuwa na ulimi, na London walimwogopa kuliko mumewe.

Lakini subiri. Miaka zaidi ya 20 baadaye, Thomas akiwa mtu mkubwa serikalini, balozi wake Uholanzi alikuwa nani? Temple, mume wa Dorothy. Hao wawili ndio waliofanikisha ndoa ya Mary, mtoto wa ndugu wa mfalme, na William wa Orange, mkuu wa Waholanzi, tarehe 4 Novemba 1677. Mary alikuwa na miaka 15, na alilia. Kumbukeni ndoa hiyo, itarudi.

Kutoka shambani hadi hazina ni safari ndefu. Nani alimshika mkono? Na ni kweli alinunua wabunge? (Mwanafunzi wa sayansi ya siasa, Dodoma)

Alishikwa mkono na Duke wa Buckingham, mkubwa mwenye sauti Yorkshire na kipenzi cha mfalme. Mwaka 1665 Osborne akaingia Bungeni kwa kiti cha York. Mwaka 1668 akapewa uweka hazina wa jeshi la majini, akishirikiana na mwingine, na miaka mitatu baadaye akabaki nao peke yake. Juni 1673 sheria mpya iliyowazuia Wakatoliki kushika ofisi ilimng'oa Mweka Hazina Mkuu, naye Osborne akapokea ile fimbo nyeupe ambayo mwenye cheo hicho hutembea nayo. Mwaka uliofuata akapewa cheo cha Earl wa Danby, jina alilokuwa nalo mjomba wa mama yake. Tangu hapa nitamwita Danby.

Hazina aliyoikuta ilikuwa ya aibu. Mwaka 1672 serikali ilikuwa imewatangazia waliomkopesha mfalme kuwa malipo yamesitishwa. Danby alifanya alichojifunza Kiveton: alikaa na madaftari. Alibana ushuru wa forodha, akapanga deni lipi litangulie, na amani na Waholanzi ya mwaka 1674 ikaleta meli na ushuru. Wanaomchukia hata leo wanakubali kuwa hesabu alizijua.

Wabunge sasa. Bunge lile lilichaguliwa mwaka 1661 na halikuvunjwa kwa miaka 18. Fikiria wabunge miaka 18 bila kurudi kwa wapiga kura! Baraza la chini tumezoea kuliita la Makabwela, ingawa makabwela wenyewe walikuwa watu wenye vijiji vizima. Walichaguliwa wakiwa na mahaba na mfalme, na mahaba yakapoa kadiri kodi zilivyopanda. Danby akayapasha moto. Aliweka orodha: huyu wetu, huyu si wetu, huyu anazungumzika. Anayezungumzika alipata kazi kwenye ushuru, au pensheni ya kimyakimya. Kabla ya kikao aliwaandikia barua waje mapema. Wapinzani wakaliita Bunge la Wapensheni. Huku kwetu tungelipa jina la Bunge la Posho.

Mwanangu, usiandike kwenye mtihani wako kuwa Danby ndiye aliyebuni hongo. Alichokibuni ni jalada lake. Kabla yake wafalme waligawa zawadi kwa kipenzi na kwa hasira, yeye akagawa kwa orodha. Na wengi walioorodheshwa walikuwa watu kama yeye, mabwana wa mashamba wanaolipenda Kanisa la Kiingereza na wanaoichukia Ufaransa. Nadhani kura zao nyingi angezipata hata bila senti. Alilipa kwa sababu hakuamini kuwa mtu atakuja kikaoni kwa mapenzi tu, na hilo alilijua tangu kwa wapangaji wake.

Wazee wa baraza letu wanasema kuna serikali ya Kizungu iliwahi kupiga marufuku kahawa. Ni huyu? (Mnywaji, Mji Mkongwe)

Si kahawa, ni mabaraza yake. Tarehe 29 Desemba 1675, Danby akiwa ndiye mshauri mkuu, lilitoka tangazo la mfalme kuwa nyumba zote za kahawa zifungwe kuanzia tarehe 10 Januari, kwa hoja kwamba zinakusanya wavivu na wazushi wanaoisema serikali vibaya. Kahawa ilikuwa haijamaliza miaka 30 London, na tayari mtu alikuwa hawezi kusikia habari za meli, bei au Bunge pasipo kikombe. Wenye nyumba walipiga kelele, wanywaji wakapiga kelele, na kabla tarehe yenyewe haijafika tangazo likarudishwa kabatini.

Waambie wazee wako waendelee na kashata zao.

Bi Masjala, mimi ni karani kama ulivyokuwa wewe. Hiyo barua ilisemaje, na aliiandika kwa nini kama ilikuwa ya hatari? (Karani, Nakuru)

Swali hili ndilo nililokuwa nalisubiri, na nitalijibu polepole.

Mwaka 1678 Uingereza ilikuwa mguu mmoja ndani mguu mmoja nje ya vita na Ufaransa. Danby alivitaka vita hivyo, maana ndivyo walivyotaka watu wake. Mwezi Machi Bunge likapitisha fedha za kupigana. Siku chache baada ya hapo, tarehe 25 Machi, Danby huyohuyo alimwandikia balozi wao Paris, Ralph Montagu, akimwelekeza amwombe Mfalme Louis wa Kumi na Nne livre (fedha ya Kifaransa) milioni 6 kwa mwaka, kwa miaka mitatu, iwapo masharti ya amani yatakubaliwa. Sababu ilikuwa wazi: amani ikifanyika Bunge litachukia, na likichukia halitampa mfalme hata ndururu. Montagu akaambiwa pia asimtajie waziri wa mambo ya nje habari ya fedha.

Kwa hiyo mkono wa kulia unapokea fedha za kumpiga Mfaransa, mkono wa kushoto unamwomba Mfaransa fedha ili asipigwe. Na mwenye mikono hakuipenda kazi yenyewe. Siasa ya Danby tangu aingie madarakani ilikuwa kumtenga mfalme na Ufaransa. Charles ndiye aliyeitaka barua. Danby, ambaye hakuwa mjinga, alimwomba mfalme aandike chini kwa mkono wake kuwa barua imeandikwa kwa amri yake, na mfalme akaandika, akatia herufi zake mbili, C.R.

Hapo nilipofika mara ya kwanza nilipoisoma habari hii, nilifunga kitabu.

Nilikaa masjala miaka 31. Mwaka mmoja, sitautaja, mkuu mmoja aliniita akaniambia kwa mdomo nichape barua ya kumwambia mkandarasi kuwa kazi yake imekaguliwa na malipo yake tayari. Jalada lilikuwa mikononi mwangu na ripoti ya ukaguzi haikuwemo. Nikamwambia, mzee, niandikie dokezo. Akacheka, akachukua kalamu ya kijani, akaandika pembeni mwa rasimu: "Chapa hivyo", akasaini. Nikaona nimepona. Nikachapa, nakala ya kaboni nikaiweka jaladani, folio 23.

Wakaguzi wa hesabu walipokuja, jalada lilikuwa na folio 22 na folio 24. Ile namba niliyoiandika mwenyewe kwa wino mwekundu haikuwepo. Nilikuwa nimehifadhi rasimu yenye wino wa kijani nyumbani, ndani ya mfuko wa unga, nikawapelekea nikiwa najiamini kabisa. Mkaguzi akaitazama, akaniuliza swali moja: "Kwa hiyo ulijua?" Ile karatasi ya kunikinga ndiyo iliyonithibitisha kuwa nilijua kuwa jambo halikuwa sawa, maana kwa nini basi niliomba dokezo? Nilihamishiwa wilaya nyingine. Mkuu alistaafu kwa amani.

Basi mtazame Danby. Montagu alitaka uwaziri akaukosa, akarudi kutoka Paris bila ruhusa baada ya kugombana na hawara wa zamani wa mfalme (kisa kirefu na kichafu, nakiruka), akajipatia kiti cha Bunge cha Northampton ili awe na kinga. Wafaransa nao wakamwahidi fedha kama atamwangusha Danby. Danby aliponusa, akaamuru makaratasi ya Montagu yakamatwe kwa madai kuwa amezungumza na mjumbe wa Papa. Wakakusanya makasha. Lile lenye barua halikuwemo. Tarehe 19 Desemba 1678 likaletwa Bungeni, na barua zikasomwa kwa sauti.

Kumbukeni London ya wakati ule. Tangu vuli mwongo mmoja, Titus Oates, alikuwa amewajaza watu hofu kuwa Wakatoliki wanataka kumuua mfalme. Katika hali hiyo unasoma kuwa Mweka Hazina Mkuu anaomba fedha kwa mfalme mkubwa kuliko wote wa Kikatoliki! Na yale maneno ya chini, ya mkono wa mfalme? Hayakumwokoa. Mfalme hashtakiwi, hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni ya sheria yao, kwa hiyo kila tendo baya la mfalme lazima liwe na mtumishi wa kulibeba. Mwandiko wa mfalme ulimwambia kila mbunge jambo ambalo hakuna aliyethubutu kulisema, na hasira yote ikamshukia aliyeshika kalamu. Sisi husema mjumbe hauawi. Wao walikuwa na desturi nyingine.

Wewe karani mwenzangu, sijui nikushauri nini. Dokezo omba. Ila usidhani ni ngao.

Sisi Kenya tumeshuhudia Naibu Rais akibanduliwa na Seneti mwaka 2024. Je, hii hoja ya kubandua ilianza na Danby? (Wakili mstaafu, Mombasa)

Ilikuwepo karne tatu kabla yake, mheshimiwa: baraza la chini linashtaki, la juu linahukumu. Mtindo huo mmeuona kwenu, Bunge la Taifa tarehe 8 Oktoba, Seneti tarehe 17. Na katiba yetu ya Tanzania inayo ibara ya 46A ya Bunge kumshtaki Rais, ingawa sisi hatuna baraza la pili.

Alichokichangia Danby, bila kukusudia, ni swali la msamaha. Mfalme alilivunja Bunge Januari 1679 ili kumwokoa. Likachaguliwa jipya, baya zaidi kwake. Ndipo mfalme akampa msamaha wenye muhuri mkuu wa taifa. Makabwela wakagoma: kama mfalme anaweza kumsamehe waziri kabla hajahukumiwa, hakuna waziri atakayewajibika milele. Wakamtungia sheria ya kumhukumu bila kesi. Danby alijificha siku kadhaa, kisha mwezi Aprili akajisalimisha, akapelekwa Mnara wa London. Akakaa humo karibu miaka mitano bila kuhukumiwa, mpaka alipopewa dhamana Februari 1684. Kesi yake haikusikilizwa kamwe, lakini swali lilibaki, na sheria ya mwaka 1701 iliyopanga urithi wa kiti ikalijibu: msamaha wa mfalme hauzuii mashtaka ya Bunge. Wamarekani walipoandika katiba yao mwaka 1787 wakaiweka vilevile, rais asamehe makosa yote isipokuwa mashtaka ya Bunge.

Unamwita mtu wa mfalme, lakini mimi najua alisaini barua ya kumwita mgeni amng'oe mfalme. Mtu wa mfalme gani huyo? (Mbishi, Tanga)

Nilijua Tanga hawatakosa.

Ni kweli, na ni vibaya kuliko ulivyosema. Mwaka 1675 Danby alipeleka muswada wa kumlazimisha kila mwenye ofisi na kila mbunge kuapa kuwa si halali, kwa kisingizio chochote kile, kumwinulia mfalme silaha. Ulikwama. Tarehe 30 Juni 1688 akawa mmoja wa watu saba waliotia alama kwenye barua ya siri kwenda Uholanzi, wakimwomba William aje na jeshi dhidi ya Mfalme James wa Pili, ndugu na mrithi wa Charles. Barua tena! Safari hii hakuomba mtu aandike chini kuwa ni kwa amri.

Utetezi wake ungekuwa huu: alichokitumikia ni mfalme na Kanisa la Kiingereza pamoja, kama nira moja. James alikuwa Mkatoliki, akawapa Wakatoliki vyeo jeshini, akawaondoa mabwana wa mashamba kwenye viti vya uhakimu vilivyokuwa vya baba zao. Kwa mtu wa Kiveton, hilo la viti lilichoma labda kuliko la dini. Na mgeni mwenyewe hakuwa mgeni kabisa. Alikuwa mume wa Mary, binti wa James, kwa ile ndoa ya mwaka 1677.

Kazi aliyopewa ilikuwa kuiteka kaskazini. Alimtarajia William ateremke Yorkshire, lakini upepo ukampeleka Torbay, pembe nyingine kabisa ya nchi, tarehe 5 Novemba. Danby hakukata tamaa. Tarehe 22 Novemba mabwana wa mkoa walikusanyika York, eti kuandika barua ya utii kwa mfalme. Ghafla mtu akaingia akipiga kelele kuwa Wakatoliki wameinuka wanapiga mgambo risasi. Ulikuwa uongo uliopangwa. Danby na wapanda farasi wapatao 100 wakatoka mbio kuelekea kwa mgambo wakipaza sauti wanataka Bunge huru na dini ya Kiprotestanti, na mgambo wakajiunga nao. Kamanda wa mji, Sir John Reresby, kabaila wa jirani na mtu aliyewahi kuinuliwa na Danby huyohuyo, alikataa kujiunga. Wakamweka chini ya ulinzi kwa adabu, kwa neno lake la heshima tu. Ukiniuliza mimi nani alikuwa mtu wa mfalme siku ile, nitakujibu Reresby. Ukiniuliza nani aliamka kesho yake akiwa na mji, ni Danby.

Kisha akataka Mary awe malkia peke yake. Mary akamwandikia kwa ukali kuwa yeye ni mke wa William na hataki kutenganishwa naye.

Mwisho wake? Wanasema alikufa tajiri. (Wengi mmeuliza)

William, sasa akiwa mfalme pamoja na Mary, alimpa cheo cha Marquess wa Carmarthen mwaka 1689, na mwaka 1694 akawa Duke wa Leeds. Mwaka uliofuata akashtakiwa Bungeni tena. Kampuni ya India Mashariki ilikuwa ikigawa mlungula ili ipate hati mpya ya biashara, na gini 5,500 zilionekana zimepitia kwa mtu aitwaye Charles Bates hadi nyumbani kwa Duke. Utetezi ulikuwa kwamba fedha ni za Bates, ila Bates si hodari wa kuhesabu, hivyo aliomba mtumishi wa Duke, Mswisi aitwaye Robart, amhesabie na kumpokelea. Mzee aliyeisimamisha hazina ya nchi kwa madaftari yuko radhi uamini kuwa nyumba yake ilikuwa inatoa huduma ya kuhesabia watu sarafu! Robart alipoitwa kutoa ushahidi, alikuwa ameshavuka bahari. Bila yeye kesi haikwenda, ikafutwa mwaka 1701.

Alifia njiani, tarehe 26 Julai 1712, kwenye jumba la Easton Neston, akiwa safarini kurudi Yorkshire. Alikuwa na miaka 80.

Mpanda treni wa Sheffield, siku usiyo na kazi shuka hapo Kiveton Park, uulize njia ya Harthill, kijiji jirani. Ndani ya kanisa la pale kuna sehemu ya ukoo wa Osborne, na ndiko alikozikwa. Nilipelekwa na binti yangu mwezi wa Februari, tukakuta mlango umefungwa. Tulisimama kwenye kibaraza tukila viazi vya kukaanga vilivyokwisha kupoa, mvua ikitupiga ubavuni, mpaka akaja mama mmoja na funguo.